Darasa la jioni la wasimamizi wa miradi, Shangani, Mtwara

Kama unasimamia miradi kwenye kampuni ya matangazo na mshahara uko palepale kila mwaka, nenda. Mimi lilinifaa zaidi kwenye kuomba nyongeza. Mwalimu, dada mmoja asiyependa longolongo, alichukua barua yangu akaikata kwa kalamu nyekundu sentensi nzima ya kodi ya nyumba. "Mdogo wangu, bosi halipii shida zako. Andika yule mteja wa korosho aliyeongeza mkataba. Andika matangazo yaliyotoka kabla minada ya Oktoba haijaanza." Nikaandika upya: bajeti, tarehe ya kukabidhi kazi, mteja aliyerudi. Ukurasa mmoja tu. Nyongeza nimepata, na cheo kimetoka mratibu kwenda msimamizi.

Cheti cha PMP, kile cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, wamekieleza vizuri: mwenye shahada anatakiwa uzoefu wa miezi 36 na mafunzo ya saa 35. Ila mazoezi ni machache mno kwa mtihani wa maswali 180. Chumba kina joto, feni moja haitoshi. Ada walikubali nilipe kwa awamu, nawashukuru sana. Kipindi cha kujadili mshahara wakiongeze, kimoja hakitoshi kabisa.