Hati za malipo za Connecticut: saini za Vita vya Uhuru vya Marekani zinazonunulika

Wengi wanaotamani karatasi yenye saini ya enzi ya Vita vya Uhuru vya Marekani (1775–1783) huanza kwa kutafuta barua ya George Washington, wanaona bei, wanafunga kompyuta. Wasifunge haraka. Chini kabisa ya soko hilo kuna hati za malipo za jimbo la Connecticut. Zilitolewa na Kamati ya Pay-Table, ofisi iliyokagua madai ya vita na kumwagiza mweka hazina wa jimbo, John Lawrence, alipe. Zimebaki nyingi, zimesainiwa kwa mkono, na yenye majina yasiyovuma mara nyingi hupatikana kwa chini ya dola 150. Kwa anayeanza hatuoni bidhaa inayoizidi, ila ajue anachonunua.

Hati yenyewe ni ndogo, nyingi hazifiki nusu ya karatasi ya A4. Baadhi ni fomu zilizopigwa chapa na kujazwa kwa unyoya, nyingine zimeandikwa zote kwa mkono. Maneno ni ya kikarani: Lawrence amlipe fulani pauni kadhaa, shilingi kadhaa na peni kadhaa, deni liandikwe kwa jimbo. Chini wamesaini wanakamati. Igeuze. Nyuma mara nyingi utakuta saini ya aliyepokea, au msalaba tu ulioandikwa pembeni na mtu mwingine kwamba ni alama ya fulani. Muuzaji asiyeonyesha picha ya nyuma anakuuzia nusu ya hati.

Hesabu inasomeka kirahisi: peni 12 ni shilingi, shilingi 20 ni pauni, na katika majimbo ya New England dola moja ya fedha ya Kihispania ilihesabiwa kuwa shilingi 6. Askari wa cheo cha chini kabisa alilipwa shilingi 40 kwa mwezi. Kwa hiyo hati ya pauni 8 kwa jina la askari wa kawaida ni sawa na mshahara wa miezi minne. Herufi inayofanana na f katikati ya neno mara nyingi ni s ya zamani, isikuchanganye.

Bei huamuliwa na jina. Kati ya wanakamati waliosaini, Rogers, Wadsworth, Wales na Moseley ndio wa bei ya chini. Oliver Ellsworth, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa tatu wa Marekani (1796–1800), hupandisha bei. Vivyo hivyo Oliver Wolcott mdogo, aliyemrithi Hamilton kama Waziri wa Fedha mwaka 1795. Hapa ndipo wageni wengi wanapopigwa. Wolcott baba alisaini Azimio la Uhuru la 1776, mwana hakusaini. Aliyekaa kwenye kamati ni mwana, na husaini “Oliver Wolcott Junr”. Anayetangaza hati ya mwana kuwa ya “mtia saini wa Azimio” ama hajui kazi yake au anaijua kupita kiasi. Kuza picha, tafuta hilo “Junr” mwishoni mwa jina. Wakati mwingine limebanwa hadi linafanana na mkwaruzo.

Kundi linalotuvutia zaidi ni hati za askari weusi. Kikosi cha Nne cha Connecticut kilikuwa na kampuni yao, na kwenye orodha kuna majina kama Cuff na Pomp, wengine wakiwa na ubini wa Liberty au Freedom. Cuff ni Kofi wa Waakan wa Ghana, mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa. Kwetu angeitwa Juma. Hati hizi huuzwa mara kadhaa ya bei ya kawaida, na ndiyo maana jina moja tu la “Prince” linatosha baadhi ya wauzaji kubandika maelezo ya askari mweusi. Jina peke yake si ushahidi, maana Prince lilikuwa pia jina la Wazungu wa New England. Dai namba ya kikosi na kampuni, kisha linganisha na kumbukumbu za utumishi na mafaili ya pensheni yaliyoko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani. Pasipo na mlingano, lipa bei ya hati ya kawaida.

Washindani ni wawili. Hawala za Ofisi ya Mikopo ya Kongresi zina saini ya Francis Hopkinson, na huyu alisaini Azimio kweli. Zilikuwa za kuwalipa riba walioikopesha Kongresi, mjini Paris, kwa livre 5 (fedha ya Ufaransa) kwa kila dola, hivyo ya dola 12 ilikuwa livre 60. Kila hawala ilitolewa nakala nne, zisafiri kwa meli tofauti kwa kuhofia manowari za Waingereza. Ikilipwa moja, nyingine zimekufa. Ni nzuri sana, lakini ni ghali kuliko hati ya Connecticut. Noti za Kongresi, yaani fedha za karatasi za wakati wa vita, ni rahisi, zina saini za mkono, ila waliosaini wengi hawana umaarufu wowote. Tena toleo la Mei 20, 1777 na la Aprili 11, 1778 yalighushiwa wakati uleule wa vita hadi yakaondolewa kwenye mzunguko. Soma namba ya tarehe kabla ya kulipa.

Kuhusu uhalali, beba kikuza cha mara 10 na tochi ya urujuanimno. Mulika karatasi kwa nyuma: karatasi nyingi za wakati huo, zilizotengenezwa kwa matambara, huonyesha mistari myembamba iliyobanana, ikikatwa na mistari mizito iliyoachana takriban sentimita 2.5. Ikiwaka buluu nyeupe chini ya tochi, ina kemikali za kung'arisha za karne ya 20; irudishe. Wino wa wakati ule ulikuwa wa chumvi ya chuma, hubadilika kuwa kahawia na kuzama kwenye nyuzi. Ukiona nukta ndogo zilizojipanga, hiyo ni picha iliyochapwa. Karatasi ya manjano inayolia kama bisi ukiikunja ni kumbukumbu ya watalii, hata ikiwa na saini tano.

Karatasi ya kale peke yake nayo haitoshi. Robert Spring, aliyefariki mwaka 1876, aliandika hundi na vibali vya Washington kwenye karatasi halisi za zamani. Mkono wake ulikuwa mzuri mno. Mwandishi halisi huharakisha, hupunguza, huacha wino ukauke. Mghushi huchora kila herufi kwa utulivu.

Tundu au mkato wa kufuta deni si kasoro. Ndiyo alama kwamba hati ililipwa, na hati isiyo nao inahitaji maelezo zaidi kuliko yenye nao. Tatizo ni pale tundu linapokula saini: Ellsworth aliyekatwa katikati asilipiwe bei ya Ellsworth mzima. Gundi ya zamani, utepe wa plastiki na kuwekewa lamineti ni sababu ya kuacha, hata bei ikishuka vipi.

Mnadani, kumbuka ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 hadi 25 juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyoshinda. Omba historia ya umiliki kwa maandishi. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya North Carolina iliamuru mkusanyaji arudishe karatasi za mahakama za karne ya 18 alizozinunua kwa njia halali, kwa kuwa zilikuwa mali ya jimbo. Alama za ofisi ya hifadhi ya nyaraka au namba za faili pembeni ni sababu ya kuuliza. Kwenye forodha, kifungu 97.06 cha HS (orodha ya kimataifa ya kuainisha bidhaa) ni cha vitu vya kale vilivyozidi miaka 100; ambatisha ankara yenye tarehe ya hati.

Ikifika, iweke kwenye mfuko wa poliesta, si PVC, ilale bapa. Mwambao wetu wenye unyevu unahitaji sanduku linalofunga vizuri na silika jeli inayokaushwa mara kwa mara. Unyevu wa asilimia 35 hadi 50 unatosha. Ukutani tundika nakala ya rangi. Wino huu hufifia kwa jua, na palipofifia hakuna atakayekurudishia.