Tahadhari kwa Wenye Skuta za Umeme Nairobi: Betri Nzima Inayotangazwa Kuwa Imekufa

Tahadhari hii ni kwa wenye skuta za umeme jijini Nairobi, hasa yule ambaye skuta yake imezimika ghafla na anajiandaa kwenda mjini kutafuta betri nyingine. Katika mitaa inayojulikana kwa biashara ya vifaa vya umeme, kuanzia Luthuli hadi River Road na vichochoro vinavyoziunganisha, wamo mafundi hodari na waaminifu, lakini miongoni mwao wamejipenyeza wauzaji ambao faida yao yote inatokana na mteja kutojua kama betri yake inahitaji kutengenezwa au kubadilishwa. Sitataja duka lolote, kwa kuwa hila hii haina duka moja, na kibanda kinachofungwa leo kwa sababu ya malalamiko hufunguliwa kesho ng'ambo ya barabara kikiwa na bango jipya.

Hila yenyewe huenda hivi. Mteja anafika na skuta isiyowaka. Muuzaji anaitoa betri, anaweka mita kwenye plagi yake ya kutolea umeme, na mita inaonyesha sifuri. Anamgeuzia mteja ile mita ajionee mwenyewe, kisha anamwambia kuwa betri imekufa kabisa, kwamba betri za lithiamu hazitengenezwi, na kwamba kuifungua ni hatari. Papo hapo anatoa betri "mpya" iliyofungwa kwa plastiki ya bluu, anataja bei, na kwa ukarimu mkubwa anakubali kupunguza kidogo ikiwa mteja ataiacha ile ya zamani. Mteja akishaondoka, betri ya zamani inafunguliwa, seli nzima (vile vibetri vidogo vilivyopangwa ndani yake) zinachambuliwa na kufungwa upya kwa plastiki ya bluu, na zinamsubiri mteja mwingine. Aliyetapeliwa amepoteza mara mbili, maana ameacha betri iliyokuwa na kasoro ndogo na kuondoka na mabaki ya betri za wenzake.

Jirani yangu alifanyiwa hivyo msimu wa mvua uliopita, ila yeye hakuacha betri yake. Aliambiwa, "Mama, hii imekwisha, ukiifungua italipuka na wewe," na alipojibu kuwa angependa kwanza kwenda nyumbani kushauriana, bei ilishuka kabla hajafika mlangoni. Kwa kuwa kazi yangu ni ya umeme, aliniletea. Tulipoifungua, makundi yote ya seli yalikuwa na volti 3.8 au karibu na hapo, yaani betri nzima yenye chaji zaidi ya nusu. Maji yalikuwa yameingia kupitia mpira wa mfuniko na kuula mmoja wa nyaya nyembamba zinazounganisha seli na ile bodi ndogo ya ulinzi ambayo mafundi huiita BMS. Fundi mmoja wa Ngara alisafisha bodi, akalehemu waya mpya na kubadilisha mpira, kwa malipo yasiyofika hata sehemu ya kumi ya bei aliyotajiwa mjini. Skuta hiyo inatembea hadi leo.

Ni muhimu kueleza kwa nini mita ilionyesha sifuri, maana hapo ndipo udanganyifu wote ulipojificha. Bodi ya ulinzi imewekwa kati ya seli na plagi ya kutolea umeme, na kazi yake ni kukata umeme pale inapohisi hatari: kundi moja likishuka mno, joto likizidi, au waya wa kupimia ukikatika na bodi ikadhani kwamba kundi fulani halina kitu. Bodi ikishakata, plagi ya nje husoma sifuri au karibu na sifuri hata kama seli zote zimejaa. Zaidi ya hayo, zipo betri ambazo bodi zake hazitoi umeme mpaka ziamshwe na skuta yenyewe, kwa hiyo zikitolewa na kupimwa mezani zitaonekana zimekufa ilhali hazina ugonjwa wowote. Kipimo cha kweli hufanywa ndani, moja kwa moja kwenye seli, kundi kwa kundi. Fundi anayejua kazi yake anajua jambo hili, na muuzaji anayekataa kupima ndani mbele yako huenda analijua vilevile.

Betri ya kawaida ya skuta ndogo ya volti 36 huwa na makundi 10 yaliyounganishwa kwa mfululizo, na kila kundi huwa na seli kadhaa zilizolazwa sambamba. Kila kundi likijaa hufika volti 4.2, ndiyo maana betri nzima hufika 42, na chaja nayo huandikwa 42. Kwa betri ya volti 48 yenye makundi 13, kikomo ni 54.6. Ukiyajua hayo, unaweza kumwomba fundi akusomee volti za kila kundi, yaani namba 10 au 13 kwa jumla, na uziandike mwenyewe kwenye karatasi. Namba hizo ndizo zitakazokuambia kama utengeneze au ununue.

Zikiwa zinalingana na ziko juu ya volti 3, seli huenda hazina kosa, na tatizo litafutwe kwenye chaja, plagi ya kuchajia, fyuzi, nyaya au bodi. Anza na chaja, kwa maana kuipima hakuchukui hata dakika moja: chaja ya volti 36 isiyotoa volti karibu 42 ndiyo mgonjwa, na betri haina hatia. Kundi moja likiwa limeachwa nyuma sana, tuseme 2.7 wakati mengine yana 3.9, kundi hilo lina seli iliyochoka au inayovuja umeme, na hapo uamuzi ni mgumu kidogo. Fundi makini anaweza kubadilisha kundi hilo, lakini lazima apate seli za uwezo unaokaribiana na zile zilizobaki, kwani seli mpya zikichanganywa na za zamani hazitachoka kwa kasi moja na baada ya miezi kadhaa tofauti itarudi. Kwa maoni yangu kazi hiyo inafaa tu kwa betri ambayo bado ina umri mdogo. Kundi lililokaa chini ya volti 2 kwa muda mrefu lisifufuliwe kwa chaja, hata fundi akikuhakikishia kuwa ameshafufua mengi, kwa sababu shaba iliyo ndani ya seli huwa imeanza kuyeyuka na inaweza kuleta shoti ya ndani wakati wa kuchaji.

Namna betri ilivyodhoofika nayo ni ushahidi. Betri ambayo imekuwa ikipunguza mwendo wake polepole kwa miaka miwili au mitatu, hadi safari iliyokuwa ikibakiza nusu ya chaji sasa inaimaliza, imezeeka, na hakuna bodi wala waya utakaoirudishia ujana. Seli nyingi za aina hii hutengenezwa kwa matarajio ya mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji kabla uwezo wake haujapungua waziwazi. Kwa betri ya namna hiyo, nunua nyingine bila majuto. Lakini betri iliyokupeleka kazini vizuri asubuhi na jioni ikakataa kuwaka haijazeeka kati ya asubuhi na jioni, na muuzaji anayekwambia imekufa kwa uzee anapaswa akueleze imewezaje. Betri iliyovimba, inayotoa harufu tamu ya kemikali, au iliyozama majini hadi seli zikashika kutu, isitengenezwe na mtu yeyote kwa bei yoyote.

Sasa nije kwa betri zinazouzwa kama mpya, kwa sababu hata aliye na haki ya kununua anaweza kununua uongo. Niliwahi kufungua moja iliyonunuliwa na mtu ninayemfahamu, ambayo ilichoka baada ya wiki chache tu. Ndani mlikuwa na seli za rangi tatu tofauti, baadhi zikiwa na alama za vyuma vya zamani vilivyobanduliwa, na vipande vya nikeli vimelehemiwa kwa risasi badala ya kuchomelewa kwa mashine ya nukta, jambo linaloipa seli joto ambalo haikuundwa kulivumilia. Seli za namna hiyo kwa kawaida hutoka kwenye betri za kompyuta za mkononi zilizotupwa. Hazikuwa na nguvu ya kuvuta mota ya skuta hata zilipokuwa changa.

Huwezi kuipasua plastiki dukani, lakini hesabu unaweza kuifanya. Seli ndefu za kawaida, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, haziwezi kubeba zaidi ya takribani ampea-saa 3.5 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa) kila moja, na hizo ndizo bora kabisa na za bei ya juu. Kwa hiyo betri yenye seli hizo 30, yaani makundi 10 ya seli tatutatu, haiwezi kuzidi ampea-saa 10.5 au hivi. Muuzaji anayekuonyesha betri ya ukubwa uleule yenye karatasi inayosema ampea-saa 15 au 20 anakuuzia karatasi. Vivyo hivyo, seli mojamoja zinazoandikwa 9900, yaani ampea-saa 9.9, hazipo duniani katika umbo hilo, na ukiziona zimepangwa kwenye kioo cha duka, jua duka hilo ni la namna gani. Mizani nayo husaidia: seli halisi huwa na uzito wa gramu 45 hivi au zaidi, kwa hiyo seli 30 peke yake hukaribia kilo moja na nusu, au angalau hazipungui kilo moja na theluthi, na betri iliyo nyepesi kuliko hapo imeficha kitu, au imekosa kitu.

Usikubali kuridhishwa na volti 42 zinazoonekana kwenye mita ya muuzaji. Volti hueleza kwamba betri imejaa, lakini hazielezi imejaa kiasi gani, na seli iliyobakiwa na robo ya uwezo wake hufika 4.2 vizuri tu, tena kwa haraka. Omba ifungwe kwenye skuta na uijaribu kwenye mwinuko, kama ule wa Valley Road kutoka upande wa Uhuru Highway, huku ukitazama kiwango cha chaji. Betri ya mabaki huonekana imejaa kwenye tambarare, na ikianza kupanda huporomoka au huzimika. Muuzaji asiyetaka betri ijaribiwe kabla ya malipo kamili amekwisha kujibu swali lako.

Mwogopeni pia fundi anayetaka kuikwepa bodi ya ulinzi ili skuta iwake. Itawaka, ndiyo, na mteja ataondoka akimsifu, lakini betri hiyo sasa haina cha kuizuia isijazwe kupita kiasi wala isiishe kupita kiasi. Wengi wetu tunaishi katika nyumba za kupanga ambamo skuta huchajiwa karibu na mlango, na mlango ni huo mmoja. Moto wa lithiamu haumpi mtu nafasi ya kuvuka.

Kuhusu malipo, kuna wanaotangaza betri mitandaoni na kudai pesa zitumwe kwanza ndipo bodaboda alete mzigo. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina ambalo M-Pesa inakuonyesha. Likiwa la mtu binafsi asiyehusiana na jina la duka, simama hapo. Kutuma ujumbe kwa 456 ili muamala urudishwe hakusaidii iwapo mpokeaji ameshazitoa pesa, na matapeli huzitoa mara moja. Lipa ukiwa umeishika betri, upewe risiti yenye jina la duka, volti, ampea-saa, tarehe na muda wa dhamana, yote yakiwa yameandikwa.

Bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" lisikutishe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa maelezo anayoyahitaji, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu anaweza kujisimamia bila wakili, na risiti pamoja na picha za seli za rangi tatu ni ushahidi mzuri. Ikiwa betri ina jina bandia la mtengenezaji anayejulikana, malalamiko yapelekwe kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi.

Na betri yako ya zamani, hata ikiwa imekufa kwa kweli, usiiache dukani kwa kupunguziwa bei. Funga ncha zake kwa utepe wa plastiki ili zisigusane, uiweke mbali na jua, kisha uipeleke mahali panapochakata taka za kielektroniki, kama vile kituo cha WEEE hapa Nairobi. Huko itavunjwavunjwa.