Bondi ya serikali kupitia DhowCSD: nyota 4 kwa 5

Niko na ile bondi ya miundombinu ya miaka 8 na nusu, yaani serikali imekopa pesa yangu na inanilipa riba, niliinunua Februari 2024 kwa DhowCSD, apu ya Benki Kuu ya Kenya. Nikaweka laki moja ndiyo ya chini kabisa, nikachagua kukubali riba ya wastani juu mambo ya kupiga hesabu za zabuni mimi siyawezi.

Nyota moja nimeinyima benki yangu, sitaitaja. Pesa inatakiwa ifike Jumatatu na kijana wa kaunta ananiuliza eti Dhow ni kampuni gani, nikatoka hapo saa nane mchana jasho likinitoka.

Riba ikatoka asilimia 18.46 kwa mwaka, haikatwi kodi. Kila Agosti na Februari naona 9,230 kwa akaunti, haijawahi kuchelewa hata siku moja.

Sasa, wengi hudhani gavana wa Benki Kuu ndiye alikaa chini akaandika hiyo 18. Wapi! Yeye na kamati yake wanapanga ile riba ya kukopesha mabenki kwa muda mfupi, na wiki moja tu kabla walikuwa wameipandisha hadi 13. Hii ya miaka mingi inatoka mnadani, na mtu kabla afungie pesa yake miaka nane anajiuliza unga utakuwa bei gani huko mbele, serikali inakopa kiasi gani, na nitalipwa kweli? Kumbukeni hali ilivyokuwa, dola imepita shilingi 160, Eurobond, yaani deni la serikali huko nje, ya dola bilioni 2 inaiva Juni na kila mtu anauliza italipwa na nini, so watu wakaitisha riba ya woga. Serikali ilitafuta bilioni 70, zikaletwa zaidi ya 280. Wiki hiyo hiyo Eurobond mpya ikauzwa, woga ukapungua, dola ikarudi hadi karibu 130, halafu kuanzia Agosti kamati ikaanza kukata riba yake polepole.

Juzi shemeji ananipigia anataka ya 18 kama yangu, nikamwambia mwaka wa 2025 zilikuwa zimeshuka hadi 13, 14 hivi. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama naweza kumuuzia yangu kwa ile laki niliyonunulia. Nikacheka sana, bondi inayolipa 18 wakati mpya zinalipa kidogo kila mtu anaitaka, hiyo sokoni ilishapita bei niliyoinunua kitambo, kwani mimi ni harambee?