Niliifuta chipu ya TPM bure: uzoefu wangu baada ya kubadilishiwa madabodi

Nianze na alama. Chipu ya usalama ya laptopu yangu naipa nyota nne kati ya tano. Ujumbe wa kosa ulionifanya niishuku naupa moja, na hiyo moja ni kwa sababu angalau ulikuja na namba.

Laptopu ilibadilishwa madabodi. Kazi ya fundi ilikuwa safi: feni imetulia, chaji inaingia. Ila hakunitajia jambo moja, nami sikujua kuuliza. TPM, yaani hiyo chipu ya usalama inayotunza funguo za siri za kompyuta, huwa imechomelewa kwenye madabodi au iko ndani ya prosesa, na kwenye laptopu nyingi prosesa nayo imechomelewa hapohapo. Madabodi ikitoka, chipu imetoka na funguo zake. Diski yangu ilibaki ileile, ila chipu iliyokuwa ikiifungua kila asubuhi ilikuwa imeshatupwa na vyuma chakavu.

Kuwasha tu, nikakutana na skrini ya buluu ya BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaofunga diski, ikidai ufunguo wa urejeshaji: tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu sita sita. Bahati nzuri ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti yangu ya Microsoft, nikaufungulia kwenye simu. Nikakuta funguo mbili. Usibahatishe hapo; kwenye skrini kuna kitambulisho cha ufunguo, linganisha herufi na namba zake nane za mwanzo na zile za kwenye akaunti. Nilipokuwa naandika nikakosea tarakimu moja kundi la tano, skrini ikanigomea palepale kabla sijaendelea. Baadaye nilijua sababu: kila kundi lazima ligawanyike kwa 11 bila baki, hivyo kosa la tarakimu moja haliwezi kupita. Aliyebuni hilo alishawahi kunakili namba ndefu kwa mkono, naamini.

Diski ikafunguka, nikadhani yameisha. Kesho yake asubuhi, skrini ileile, tarakimu zilezile. Keshokutwa vilevile. Na hata nikishaingia, PIN haikubali, inabidi niandike nywila nzima. Kisha programu ya barua pepe ya kazini ikanitolea ujumbe kwamba TPM ya kompyuta hii imeharibika, kosa 80090016.

Sasa, ukiambiwa kitu kimeharibika, na kitu hicho kina kitufe cha kukifuta, utafanya nini? Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: futa.

Kuifuta si kazi. Kwanza nilisimamisha ulinzi wa diski, hili usiliruke kabisa: unafungua dirisha la amri kama msimamizi, unaandika manage-bde -protectors -disable C: kisha Enter. Ukiacha hivyo, ulinzi utajirudisha wenyewe baada ya kuwasha upya mara moja, kwa hiyo niliongeza -RebootCount 0 mwishoni ili usimame mpaka niurudishe mwenyewe. Halafu nikaandika tpm.msc kwenye kisanduku cha kutafutia, dirisha likafunguka, na upande wa kulia kuna chaguo la kufuta. Kompyuta ikajizima, ikawaka, ikatua kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe: kuna ombi la kufuta TPM, bonyeza F12 kukubali au Esc kukataa. Kwenye mashine nyingine kitufe huwa tofauti, kwingine hata huulizwi. Swali hilo lipo kwa makusudi, ili programu hasidi isiweze kuifuta chipu yako wewe ukiwa hujagusa kibodi. Nikabonyeza F12. Mikono ilikuwa imelowa jasho, sikatai.

Windows ikawaka. Nikafungua barua pepe. Kosa 80090016.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza, yaani kuiuliza chipu yenyewe. Kwenye PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, nililolifungua kama msimamizi, niliandika Get-Tpm. Kwenye majibu yake nilitafuta mistari mitatu: ipo, kweli; iko tayari, kweli; imejifunga, si kweli. Mstari huo wa tatu una maana, kwa sababu TPM 2.0 chini ya Windows huhesabu majaribio mabaya na kujifunga yakifika 32, kisha husamehe jaribio moja kila dakika 10. Yangu haikuwa na deni lolote. Kurudi kwenye tpm.msc, nikaona iko tayari kutumika, toleo 2.0, mtengenezaji INTC, yaani ni ile iliyo ndani ya prosesa ya Intel. Chipu nzima, mpya, haina hata mkwaruzo. Na ndivyo ilivyokuwa hata kabla sijaifuta.

Ugonjwa ulikuwa kwenye diski. Windows ilikuwa bado imeshika mabaki ya PIN na ya akaunti ya kazini yaliyofungwa kwa funguo za chipu ya zamani. Inaiendea chipu mpya na kuomba ufunguo ambao haikuwahi kuwa nao, inajibiwa haupo, na programu inanitafsiria jibu hilo kuwa chipu imeharibika. Ni sawa na kumwita mlinzi mpya mgonjwa kwa kuwa hamjui mgeni wa mlinzi aliyeondoka.

Kufuta kusingeweza kusaidia. Kunachofanya ni kubadilisha mbegu ambayo funguo zako huzaliwa nayo, ili za zamani zisifunguke tena daima. Mbegu ya utambulisho iliyowekwa kiwandani haiguswi. Kwa chipu niliyoipata juzi tu, nilikuwa nafuta daftari tupu.

Dawa yenyewe ilinichukua kama nusu saa. Kwenye mipangilio nilitenganisha akaunti ya kazini na kompyuta, nikabadilisha jina la folda ya Microsoft.AAD.BrokerPlugin iliyo chini ya AppData\Local\Packages, nikawasha upya, nikaiunganisha akaunti tena. Barua pepe zikaanza kushuka. Kwa PIN ilibidi nifute folda ya Ngc iliyofichwa ndani ya C:\Windows\ServiceProfiles\LocalService\AppData\Local\Microsoft. Hiyo ni kaidi, hata msimamizi hukataliwa mpaka ajimilikishe kwanza. Baada ya hapo niliweka PIN mpya na kusajili kidole upya. Zile tarakimu 48 za kila asubuhi nazo ziliisha, ila kufuta hakukuhusika. Ziliisha kwa sababu niliusimamisha ulinzi wa diski na kuurudisha, na unapourudisha, diski hujifunga upya kwa chipu iliyopo. Ningeweza kufanya hivyo siku ya kwanza na kulala.

Sisemi kufuta hakuna kazi. Ukinunua laptopu iliyotumika, au unaigawa yako, futa. Na kama TPM imepotea kabisa, Get-Tpm inakuambia haipo, bado usikimbilie kufuta, maana utafuta nini? Angalia kwanza kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, kama haijazimwa. Kisha zima kompyuta, chomoa chaji, shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 30, uwashe. Laptopu ya mwenzangu ilirudisha chipu yake kwa njia hiyo tu, baada ya siku mbili za kutafuta madabodi ya kubadilisha.

Nyota moja niliyoikata ni kwa ajili ya ukimya wake. Inashika mambo mengi mno bila mwenye nayo kujua. Ufunguo wa siri wa tovuti moja, ule wa kuingia kwa kidole bila nywila, nilikuwa nimeuhifadhi kwenye chipu ya zamani peke yake. Huo haukurudi. Nimewaandikia wahudumu wa tovuti, wamenijibu mara mbili wakiniomba niingie kwenye akaunti kwanza ili nithibitishe kuwa ni mimi.