Tepu ya fundi cherehani kwenye kitanda cha kairopraktiki

Nina miaka 71, na 40 kati ya hiyo nimeikalia mbele ya cherehani. Anayeijua kazi hii anaujua na mkao wake: shingo mbele, mabega juu, mgongo umejikunja kama ndoana, mguu wa kulia unakanyaga na wa kushoto unasindikiza. Nilipostaafu, mwili ulibaki na mkao ule ule, kana kwamba bado kuna gauni la bibi harusi linanisubiri mezani. Asubuhi nilikuwa natoka kitandani kwa awamu: nageuka ubavu, nashusha miguu, natulia kidogo, nashika ubao wa kitanda, ndipo nainuka. Viatu vya kamba nilishaviacha. Mtu akiniita kwa nyuma, nageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa.

Ndiyo maana nikaenda kwenye kairopraktiki, ile tiba ya kunyoosha pingili za mgongo na viungo vingine kwa mikono. Nilikwenda mara 11 kwa miezi minne, kisha mara moja baadaye. Naipa huduma hii nyota 4 kati ya 5, na ile moja niliyoizuia nitaieleza.

Niseme kwanza kwamba hapa si mahali nilipoanzia. Nilianzia kwingine, na jina la huko nalihifadhi. Ukutani kulikuwa na bango lisemalo wanatibu mgongo, presha, kisukari, pumu na kukosa usingizi. Nilipaswa kugeuza palepale mlangoni, maana fundi akikwambia anashona suti, anashona viatu na anaezeka nyumba, unachukua kitambaa chako unaondoka. Sikuondoka. Mhudumu hakuniuliza umri, hakuniuliza dawa ninazokunywa. Alinikalisha, akakishika kichwa changu kwa mikono miwili kama anayechagua tikiti maji, akakizungusha ghafla. Shingo ikaalika, ko!

"Umesikia? Mfupa umerudi mahali pake."

Halafu akanitolea ratiba ya mara 36, nilipe zote siku ile ile. Nililipa ile moja nikaenda zangu na shingo iliyoniuma siku nne.

Mume wa binti yangu ni mfamasia, mtu wa kusoma kila kitu mpaka maandishi ya nyuma ya boksi. Yeye ndiye aliyenieleza kuwa mlio ule hauna uhusiano na mfupa kurudi popote. Ndani ya kiungo mna ute wa kulainisha, na kiungo kikivutwa kwa kasi hutokea tundu la gesi ndani ya ute huo. Mwaka 2015 watafiti huko Kanada walimwingiza mtu mmoja vidole kwenye MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, wakavivuta mpaka vialike huku picha zinapigwa, wakaliona lile tundu likitokea. Kwa hiyo mtoto anayealisha vidole darasani na yule bwana wa ratiba ya mara 36 walikuwa wanatoa sauti moja. Tangu siku hiyo mlio haunitii tena imani wala hofu.

Kituo cha pili nilielekezwa na daktari wangu wa mifupa. Mtaalamu ni dada mdogo, rika la mjukuu wangu mkubwa, mikono mikavu yenye joto. Siku ya kwanza hakunigusa kwa karibu nusu saa nzima. Alikuwa anauliza tu. Nimeanguka mwaka huu? Natumia dawa za kuzuia damu kuganda? Nimewahi kuugua saratani? Nimepungua uzito bila sababu? Maumivu yananiamsha usiku? Nina homa? Miguu inaishiwa nguvu? Kisha akauliza habari za haja ndogo, nami nikamkatiza.

"Mwanangu, mimi nimeleta kiuno. Mkojo unaingiaje hapa?"

"Unaingia sana, mama. Mishipa ya fahamu ya kibofu inatokea huko huko chini ya mgongo. Ukiniambia mkojo unakutoka bila kujijua na katikati ya mapaja kuna ganzi, mimi sikugusi. Nakukimbiza hospitali leo leo."

Hapo ndipo nilipomwamini. Jambo la pili lililonifurahisha ni kwamba alikataa kuanza. Aliuliza nimekoma hedhi lini, nikamjibu ni zaidi ya miaka 20, na kipimo cha uzito wa mifupa sijawahi kufanya. Akanirudisha kwa daktari nikapimwe kwanza. Wanawake baada ya kukoma hedhi hupoteza mifupa kwa kasi, na mfupa ukishakuwa mwepesi unaweza kuvunjika kwa kusukumwa tu. Majibu yalionyesha mifupa imeanza kupungua ingawa haijafika pabaya. Akaandika kwenye faili langu kwa wino mwekundu: hakuna kusukuma kwa nguvu, hakuna kuzungusha shingo kwa ghafla. Nikamkumbuka bwana wa tikiti maji, mwili ukanisisimka.

Kabla ya tiba akanipima mwendo. Unakaa kwenye kiti, unasimama, unatembea mita 3, unageuka, unarudi, unakaa. Ukitumia sekunde 12 au zaidi, uko kwenye hatari ya kuanguka. Mimi nilitumia 16, na nilijitahidi. Nyumbani nikaongeza kipimo changu, maana fundi asiyepima anashona kwa kubahatisha. Nilisimama, nikainama mpaka nilipoweza bila kukunja magoti, na binti yangu akashusha tepu kutoka ncha za vidole mpaka sakafuni: sentimita 31. Nikaandika kwenye kalenda.

Sasa kitanda chenyewe. Kimekatwa vipande vipande kama godoro la kukunja, na sehemu ya uso ina tundu la kupumulia ambalo linakuachia alama mashavuni utadhani umelalia kamba. Unalala kifudifudi. Kwanza anapitisha kidole gumba pembeni ya uti, taratibu, kutoka shingoni kushuka, kama mtu anayetafuta mshono uliofumuka ndani ya bitana. Kila pingili anaisukuma kidogo na kungoja. Chini ya mbavu, upande wa kulia, kidole kilisimama. Hakuniuliza kama panauma, alijua. "Hapa pamelala," alisema.

Kisha akainua kidogo kile kipande cha kitanda kilicho chini ya nyonga zangu, akaweka kiganja, akabonyeza, na kipande kikashuka kwa mlio wa "tap". Kinashuka kimo kidogo sana, lakini kile kitanda ndicho kinachoubeba mshtuko badala ya mifupa yako. Kwenye sehemu za juu alitumia kifaa cha mkononi chenye springi, kinachogonga mara moja na kuacha. Kwangu kilifanana kabisa na kile tunachobania vifungo vya chuma kwenye magauni ya watoto. Shingo aliikanda na kuipeleka kushoto na kulia polepole mpaka inapogoma, anaishikilia hapo, anairudisha. Hakuna kilichoalika mwilini mwangu siku ile, na nilishuka kitandani bila kushika kitu.

Usiku wake niliumwa mwili kama niliyefua mablanketi. Alikuwa amenitahadharisha, nami nikatulia. Kesho kutwa yake maumivu yakaisha.

Mafanikio yalikuja kwa kujificha. Wiki ya tatu nilikuta nimevaa soksi huku nimesimama, nimeegemea ukuta, na sikumbuki nilivyoanza. Wiki ya sita binti yangu aliniita nikiwa jikoni, nikageuza shingo, shingo peke yake, mabega yakabaki yanatazama sufuria. Yeye ndiye aliyegundua. Baada ya mara ya 11 zile mita 3 nilizitembea kwa sekunde 11, na tepu ikasoma sentimita 20. Maumivu ya kiuno, ambayo mwanzoni niliyapa 7 kwenye 10, sasa nayapa 3, siku za mvua 4. Nimerudi kwenye viatu vya kamba.

Goti halijabadilika hata kidogo. Lile la kulia, la kukanyagia cherehani, limelika gegedu, ile bitana laini inayofunika ncha za mifupa, na linalia kama bawaba. Nilimwambia alishughulikie, akasema waziwazi mikono yake haioteshi gegedu. Akanipa mazoezi ya paja na kunirudisha kwa daktari. Nimependa sana watu wanaojua tepu yao inaishia wapi.

Lakini hebu niseme linalonisumbua. Sijui nimshukuru nani: mikono yake au mazoezi yake? Kila ziara inaisha na dakika 15 za mazoezi, na kuna ya kufanya nyumbani kila siku. Kusimama na kukaa kitini mara 10 bila kushika. Kusimama mguu mmoja huku vidole viwili viko mezani. Kulala chali na kuvuta goti moja kifuani, halafu jingine. Kutembea dakika 20. Ikatokea wiki moja nilikwenda kutibiwa lakini mazoezi nikayapuuza, tulikuwa na wageni. Wepesi ulidumu siku mbili ukaondoka. Wiki nyingine nilikosa ziara kwa mafua lakini mazoezi nilifanya, na wepesi haukuniacha. Hesabu hiyo hata bila kalamu inasomeka. Mikono ilinilegeza vya kutosha nikaweza kuanza mazoezi ambayo kabla yake nisingeweza, kazi iliyobaki niliifanya mwenyewe.

Mkwe wangu hakuiacha ipite hivi hivi.

"Kwa hiyo, mama, unamlipa mtu akukumbushe mazoezi."

"Wewe umenikumbusha bure miaka mitano. Niliyafanya mara ngapi?"

Akanyamaza, akaenda kuleta simu yake. Kumbe Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu kwa watu wazima, wazee wakiwemo. Katika yaliyopendekezwa mna mazoezi, elimu kwa mgonjwa, kukandwa, na huku kunyooshwa uti kwa mikono. Katika yasiyopendekezwa kutumiwa kama kawaida mna mikanda ya kiuno. Tukatazamana. Mkanda wangu uko kwenye droo, wa bei mbaya, nimeuvaa miaka miwili. Mwongozo huo huo unasema ushahidi wa nyingi ya tiba hizi bado si mzito, na binafsi hilo halinishangazi. Ndivyo na mimi ninavyouona mgongo wangu: nafuu ipo, muujiza haupo.

Na miujiza ndiyo iliyoianzisha kazi hii, kwa kweli. Mwaka 1895, huko Davenport katika jimbo la Iowa, Marekani, bwana mmoja aitwaye Daniel David Palmer alidai amemrudishia msafishaji wa jengo alimofanyia kazi, Harvey Lillard, uwezo wa kusikia kwa kumsukuma pingili ya mgongo. Kutoka hapo akaamini karibu kila ugonjwa unaanzia kwenye pingili iliyohama. Mshipa wa kusikia unatoka kwenye ubongo kwenda sikioni wala haushuki mgongoni, lakini simulizi limebaki. Bango la kile kituo changu cha kwanza ni mjukuu wa simulizi hilo. Dada yangu huyu wa sasa nilipomuuliza kuhusu presha alicheka: "Dawa zako za presha kunywa kama ulivyoandikiwa, mama. Hizo hazinihusu."

Sasa ile nyota niliyoizuia. Mahali panapowahudumia watu wenye viuno vibovu, viti vya kungojea ni makochi laini yaliyozama, yasiyo na mikono. Ukikaa umekwisha. Mara ya pili nilivutwa na watu wawili, mmoja wao mgonjwa mwenzangu aliyekuwa akishika kiuno chake kwa mkono wa pili. Gauni la kuvaa wakati wa tiba linafungwa mgongoni kwa vikamba vitatu, na kila anayekuja pale amekuja kwa sababu mikono yake haifiki mgongoni. Nilimweleza dada kuwa naweza kuyafumua yote nikayafungulie mbele, siku moja tu. Na mara mbili nimeambiwa saa tatu nikaingia saa nne na robo, jambo ambalo kwenye lile kochi ni adhabu.

Pia kuna mwenzake wa chumba cha jirani anayependa kuwaambia wagonjwa kwamba "mgongo ni kama gari, unahitaji huduma kila mwezi maisha yote". Nilimuuliza dada wangu kama nami niko kwenye mpango huo. Alifungua faili, akatazama sekunde zangu 11, akasema nije baada ya wiki sita, na nikiona siumwi nimpigie simu nisije.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa hiyo ziara ya wiki sita. Gauni nililopewa lilifungwa mbele, na mshono wake, nikiri, haukuwa mbaya. Kwenye chumba cha kungojea wameweka kiti kimoja kilichoinuka, cha mbao, chenye mikono. Kimoja tu. Kilikuwa kimekaliwa na mzee mwenye fimbo aliyeniona nikikitazama, akakishika mikono yote miwili. Nikasimama nikaegemea ukuta dakika 20, na kiuno hakikuniambia neno.