Bomba la kujivutia mlangoni: linamfaa mkwezi?

Kwa mkwezi wa minazi anayetaka mikono isilegee, bomba la mlangoni, yaani lile la kuning'inia na kujivuta juu, linalokazwa ndani ya fremu ya mlango kwa kuzungusha na kuuzwa Kariakoo, ni zuri kweli, ila mlango ndio unaoamua. Fremu ya mninga hulishika barabara. Kwenye rangi ya mafuta, vikombe vya mpira vya nchani huteleza, na plasta yenye mchanga mwingi humeguka. Likaze, ning'inia miguu ikiwa bado sakafuni, kisha likaze tena, maana mpira hubonyea. Usilirefushe hadi nyuzi za skrubu ziishe. Hapo ndipo linapochomoka.

Sponji yake ni laini mno, ivue. Pitisha taulo juu ya bomba, shika ncha zake mbili, ning'inia sekunde 20, mara 3, ukipumzika dakika 2 katikati. Mshiko huo unakaribia ule wa shina la mnazi kuliko chuma kitupu. Fanya siku moja, pumzika inayofuata: kano za kiwiko huchelewa kupona kuliko misuli. Kwa miguu halisaidii kitu, huko ni kuchuchumaa tu. Na hewa ya chumvi ya Dar hulitia kutu upesi, hivyo lifute jasho kila ukimaliza.