Mapendekezo ya Oktoba: kivuli kinachopotea, lenzi ya masonara na maktaba isiyokula bando

Kigezo cha mwezi huu ni kimoja: kitu kikikuambia jambo, uwe na njia ya kulihakiki mwenyewe. Kwa hiyo video za "je, wajua" zimebaki nje, hata zile nzuri.

Kinachoongoza hakiuzwi dukani. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi 3 na tena Oktoba 10 au 11. Siku hiyo nguzo iliyosimama wima haina kivuli kwa dakika chache. Wengi hukikosa kwa sababu wanatoka nje saa sita kamili. Saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na sisi tupo kwenye 39.3, hivyo jua linachelewa kama dakika 23. Ongeza na mwendo wa dunia ambao haulingani mwaka mzima: Oktoba jua linafika utosini saa 6 na dakika 10 mchana, na Machi saa 6 na dakika 35.

Unahitaji kipande cha bomba la plastiki la maji chenye urefu wa mita 1, pima maji ya fundi, karatasi nyeupe na rula ya milimita. Simamisha bomba juu ya zege tambarare na ulipime pande mbili, siyo upande mmoja. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Bomba likiinama nyuzi 1 tu, ambayo macho hayaioni, linatoa kivuli cha milimita 17. Siku moja kabla au baada ya siku yenyewe, kivuli cha mchana kinakuwa kama milimita 7. Maana yake mwinamo mdogo huo unaweza kukudanganya kwa zaidi ya siku mbili. Saa nayo ina adhabu yake: ukichelewa dakika 4, milimita 17 nyingine zimeingia. Kama huna pima maji, ning'iniza timazi kando ya bomba, lakini si siku ya upepo. Ukingo wa kivuli hautakuwa mkali hata ufanyeje, kwa kuwa jua lenyewe lina upana wa nusu nyuzi angani. Pima katikati ya ule ukungu. Na usichungulie jua kupitia bomba, hata kwa sekunde moja.

Utamu wenyewe uko kwa mwenye ndugu au rafiki Mtwara. Siku ambayo Dar haina kivuli, bomba la mita 1 la Mtwara litakuwa na kivuli cha milimita 60 hivi, kikielekea kusini. Milimita 60 kwa mita 1 ni pembe ya nyuzi 3.45. Kutoka Dar kwenda kusini hadi usawa wa Mtwara ni kama kilomita 384, nazo siyo kilomita za barabara. Zidisha 384 kwa 360, gawanya kwa 3.45, unapata mzingo wa dunia wa kilomita 40,000 na kidogo. Hesabu hii aliifanya msomi Mgiriki Eratosthenes kule Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Mwambie wa Mtwara aanze dakika kumi kabla ya saa yenu, apime kila dakika, kisha achukue kivuli kifupi kuliko vyote. Kule jua linawahi kama dakika 4. Rafiki wa Tanga anafaa pia, ila kivuli chake ni milimita 30 tu, na kosa la milimita 3 linakuharibia asilimia 10 nzima. Wingu likikuzuia, jaribu kesho yake na ukubali zile milimita 7.

La pili ni lenzi ndogo ya mkononi, ile ya kukunja wanayotumia masonara na mafundi saa. Kariakoo zimejaa, nyingi zimeandikwa 30x au hata 60x, na karibu zote zinasema uongo. Kupima kabla ya kulipa ni rahisi: simama chini ya taa ya dari, shika lenzi juu ya karatasi, ishushe na kuipandisha mpaka picha ya taa itulie kwenye karatasi. Pima umbali kutoka lenzi hadi karatasi kwa milimita, kisha gawanya 250 kwa namba hiyo. Milimita 50 ni 5x. Milimita 25 ni 10x. Lenzi ya 30x ya kweli hutulia kwenye milimita 8, kwa hiyo kioo kipana kama sarafu hakiwezi kuwa 30x hata kingeandikwa kwa dhahabu. Muuzaji atanuna kidogo. Mwache anune.

Nunua 10x. Namba zikipanda, eneo unaloona linapungua, mwanga unapungua, na mkono ukitetemeka kidogo tu picha imepotea. Kosa la pili ni namna ya kushika: watu huinua lenzi mbali na uso kama wasomaji wa magazeti. Ibandike karibu na jicho, kisha sogeza kitu chenyewe mpaka kionekane vizuri, kama sentimita 2.5. Egemeza mkono unaoshika kitu kwenye mkono unaoshika lenzi, vitulie pamoja. Zile taa ndogo zinazotumia betri za kidonge ni mbwembwe. Mwanga wa dirishani unatosha.

Cha kuangalia kwanza ni chumvi, punje zake ni vijisanduku vyenye pembe mraba. Kisha picha ya rangi gazetini, ambayo itasambaratika kuwa nukta za rangi nne: samawati, waridi, njano na nyeusi. Kisha chota maji ya ndoo iliyosahaulika uani, uyatie kwenye kibakuli cheupe. Viluwiluwi vinavyoning'inia kichwa chini, mrija wa kupumulia umegusa uso wa maji, ni vya mbu wa aina ya kyuleksi au aedesi. Vinavyolala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea, ni vya anofelesi, mbu wa malaria. Ukishaviona mara moja hutahitaji lenzi tena kuvitofautisha. Halafu mwaga hayo maji kwenye mchanga mkavu.

La tatu, Kiwix. Ni programu ya bure inayofungua Wikipedia nzima bila intaneti, kwa simu au kompyuta, na ubora wake sina ugomvi nao. Ugomvi uko kwenye kuisimika. Wikipedia ya Kiswahili ni nyepesi, anza nayo. Ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100. Jina la faili likiwa na neno nopic, halina picha. Likiwa na mini, lina utangulizi wa kila makala tu. Ukiwa na bando la kawaida, chukua mini.

Faili likigoma kunakiliwa kwenye memori kadi na ujumbe ukasema nafasi haitoshi ilhali ipo, kadi imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili moja linalozidi GB 4. Ifomati upya kwa exFAT, ukishahamisha picha zako kwanza, maana kila kitu kinafutika. Na toleo la Play Store kwenye Android mpya huenda lisione faili ulilonakili mwenyewe; toleo linaloshushwa kwenye tovuti ya Kiwix linaliona.

Lakini tatizo kubwa mjini hapa ni kadi yenyewe. Kadi bandia huandikwa 128 GB wakati ndani mna 8 au 16. Kidhibiti chake kimechezewa, kinaiambia simu kwamba nafasi ipo, kinapokea data, na ikizidi uwezo halisi inapotea kimyakimya. Dalili yake kwenye Kiwix ni makala kadhaa kufunguka vizuri na nyingine kugoma bila mpangilio, na mtu anailaumu programu. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw: inajaza kadi yote, kisha inasoma tena kila ilichoandika. Kwa kadi ya GB 128 inakula saa kadhaa, kwa hiyo iache usiku, na patana na muuzaji kabla kwamba ikifeli unairudisha.

Mengine kwa ufupi. Stellarium, programu inayoonyesha nyota za angani, ni bure kwenye kompyuta. Weka mahali pawe Dar es Salaam uitumie kutafuta Kilimia, kile kishada cha nyota cha wakulima, ambacho katikati ya Oktoba huchomoza kaskazini mashariki karibu saa 3 usiku. Mjini kwenye majengo, subiri hadi saa 4. Ukiangalia kwa simu, vua kava lenye sumaku, la sivyo dira itakuelekeza kusiko. Nyota ya Kaskazini usiisumbukie, huku kwetu haionekani.

Bamvua, maji ya bahari yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, nalo ni bure. Siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji ya Dar hupwa sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na mwamba wa Oyster Bay unabaki wazi na vidimbwi vyake. Chukua ile lenzi ya 10x. Vaa viatu vyenye soli ngumu, si kandambili, kwa sababu ya nungu wa baharini. Jiwe ulilogeuza lirudishe lilivyokuwa, la sivyo vilivyo chini yake vinakaushwa na jua. Fika saa moja kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, na yakianza tu kurudi nawe rudi, kwa sababu hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na ufuko.